Chumvi ya Jumatatu

Sanduku lilitundikwa mwaka ule wa bwana afya,
mbao za mkaratusi, kufuli ya elfu mbili,
maandishi mekundu: TOA MAONI YAKO.
Ufunguo nikauweka mahali pazuri sana,
pazuri hata mwenyewe sijapaona tena.

Miaka mitatu likakaa pale juu ya ndoo ya kunawia,
likalowa mvuke, likawa sehemu ya ukuta,
nami nikalipita kila asubuhi na sufuria ya mtori
kama mtu apitavyo kwa shemeji aliyemkopa asimlipe.

Mwezi wa sita baridi ikateremka toka mlimani,
msimu wa supu, msimu wangu,
na viti vyangu vikabaki na ubaridi wa chuma.
Watu waliingia kwa Aisaria, ng'ambo ya barabara,
ambaye mtori wake, Mungu ananisikia,
ni uji uliosimuliwa habari za nyama.

Nikaagiza bango. Fundi wa Kiusa akaandika
MTORI BORA KULIKO WOTE MOSHI MJINI,
akachora bakuli, na moshi wa bakuli, na mlima nyuma ya moshi.
Laki na ishirini. Nikasimama chini yake siku nzima.
Aliyeingia alikuwa anauza betri.

Jioni ile nikachukua kisu cha kumenyea ndizi,
nikalipasua sanduku kama kopo la maziwa.

Yakamwagika mezani:
tiketi za basi la Rombo zilizoandikwa nyuma,
ubavu wa boksi la kiberiti, risiti ya dawa,
ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto wa mtu.
"Dada wa kaunta anarusha chenji kama anatupia kuku mtama."
"Naomba namba ya dada wa kaunta."
"Choo hakina msumari. Mkoba nimeung'ata kwa meno."
"Mchuzi safi, ila mbona hamsalimii?"

Kisha mwandiko ule, wino wa bluu, herufi zinazoegemeana,
tarehe juu kulia kama barua ya kuomba kazi:
"Mtori wa Jumatatu una chumvi nyingi. Nina presha."
Mwezi uliofuata: "Chumvi ya Jumatatu, bado."
Baada ya Pasaka: "Nadhani Jumatatu anapika mtu mwingine."
Karatasi kumi na moja. Ya mwisho haikulalamika:
"Asante kwa miaka yote. Ng'ambo ni maji matupu, lakini sitakufa."

Nilimjua. Mwalimu Ndetaramo, meza ya dirishani,
aliyemaliza bakuli kisha akafuta kijiko kwa leso yake.
Na ni kweli: Jumatatu mimi huenda Mbuyuni kununua ndizi,
sufuria namwachia mdogo wangu Elinami,
ambaye chumvi huimwaga kama anayezima moto.

Sikulala.
Nilishalaumu serikali, baridi, jicho la jirani,
na kumbe jibu lilikuwa limening'inia juu ya kichwa changu,
nanawa mikono chini yake.

Msumari wa chooni, shilingi mia.
Gladness nikamwambia chenji iwekwe kiganjani; akanuna siku mbili.
Elinami akapewa kijiko kimoja cha kupimia, na macho yangu.
Bango nikalirudisha kwa fundi, akadhani nimechanganyikiwa.
Futa huo ubora, nikasema. Bakuli liache. Andika:
CHUMVI YA JUMATATU TUMEPUNGUZA. SAMAHANI TUMECHELEWA.

Watu walisimama, wakacheka,
wengine wakaingia kuuliza tu, ya Jumanne je?
Wakiuliza wamekaa. Wakikaa wameagiza.

Wiki ya tatu akaja, koti la sufu, fimbo,
akalisoma bango hadi nukta ya mwisho kama anayesahihisha.
Akaketi dirishani. Akala. Akafuta kijiko.
Akaomba kipande cha karatasi.

Sanduku siku hizi halina kufuli,
lakini nilimngoja kwanza apinde kona ya duka la mbegu.
Wino wa bluu. Tarehe juu kulia.
"Sasa imepungua mno."